Mwezi Hauelei, Unaanguka

Jumamosi moja jioni nilikuwa ufuoni Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Nilikuwa nimekwenda kununua ngege wa kupeleka nyumbani, nikakawia kama ilivyo desturi yangu, maana pale ufuoni samaki hununuliwa kwa mazungumzo kwanza, pesa baadaye. Kwenye banda moja redio ndogo ilikuwa ikisema peke yake. Mtangazaji alikuwa akieleza habari za setilaiti fulani ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa "inaelea angani, nje ya mvutano wa dunia."

Mvuvi mmoja mzee, ambaye tumefahamiana miaka mingi, aliinua macho kutoka kwenye wavu aliokuwa akiutia viraka.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "hiyo kitu inaelea juu ya nini?"

Nikacheka. "Haielei juu ya kitu, jaduong'. Iko tu huko juu."

"Basi haielei," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Nilirudi nyumbani na samaki wangu, lakini maneno yale mawili yalikataa kuniacha. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimesahihisha upatanisho wa sarufi hadi wino ukaisha, nimegombana na wanafunzi juu ya "kitu" na "hiyo", lakini sikumbuki hata siku moja nikipiga mstari chini ya sentensi "mwezi unaelea angani". Tena nakiri: nimewahi kuiandika mimi mwenyewe, katika kijitabu cha wanafunzi wa darasa la sita ambacho, namshukuru Mungu, hakichapishwi tena.

Sasa hebu tulitazame neno lenyewe. Kuelea ni kukaa juu ya maji, au ya kitu kingine kinachotiririka, kwa sababu kitu hicho kinakubeba. Mtumbwi huelea kwa kuwa maji yanausukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake. Magugu maji, ambayo tangu miaka ya tisini yamekuwa yakiifunga ghuba yetu ya Winam kama mkeka wa kijani, huelea. Upepo ukigeuka, visiwa vizima vya magugu husafiri kutoka Kisumu hadi Kendu Bay na kurudi. Mtoto wa ufuoni hahitaji kamusi kujua kuelea ni nini. (Lugha yetu pia ina "kuelea" kwa maana ya jambo kuwa wazi akilini, tunaposema "jambo hilo limenielea", na huko ndiko karibu na "kueleza" na "kuelewa". Kwa hiyo neno lililokusudiwa kuleta uwazi ndilo lililotutia giza.)

Mwezi haubebwi na chochote. Chini yake hakuna maji wala hewa. Umbali wa wastani kutoka kwetu hadi kwake ni kilomita 384,400, na karibu safari yote hiyo ni utupu. Kitu kisichobebwa hufanya nini? Huanguka. Na hilo ndilo jibu ambalo dunia ya wasomi ilichelewa sana kulipata, si kwa sababu lilikuwa gumu bali kwa sababu lilionekana kama mzaha. Mwezi unaanguka. Unaanguka sasa hivi unaposoma gazeti hili, na umekuwa ukianguka tangu kabla ya kuwapo mtu wa kuutazama.

Aliyelitoa jibu hilo kwa hesabu ni Isaac Newton, Mwingereza, katika kitabu chake cha 1687 kinachojulikana kwa jina la Kilatini, Principia. Kabla yake, mwaka 1609, Johannes Kepler alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba sayari haziendi kwa duara kamili bali kwa njia iliyopinda kama yai, na kwamba hukaza mwendo zinapokaribia jua na kulegea zinapokuwa mbali. Januari 1610 Galileo Galilei aliona kwa darubini yake miezi minne ikiizunguka Mushtarii. Watu walijua sayari zinapita wapi. Kinachozizuia zisitoroke, na kinachozizuia zisije kugonga jua, hicho ndicho kilichowashinda.

Mfano wa Newton ulikuwa mlima mrefu na mzinga juu yake. Mchoro wake ulichapishwa 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mimi mlima wake siujui, kwa hiyo nitatumia Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana kule Seme, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Bondo. Panda juu, shika jiwe, lirushe mbele moja kwa moja. Jiwe litaenda mbele, na papo hapo litaanza kuanguka. Katika sekunde ya kwanza litashuka mita 4.9. Ukilirusha kwa nguvu zaidi litafika mbali zaidi, lakini katika sekunde ile ya kwanza litashuka mita zilezile 4.9. Kwenda mbele hakuzuii kuanguka. Mambo haya mawili hutendeka pamoja, kila moja na hesabu yake.

Sasa kumbuka kwamba ardhi si meza. Wavuvi wanalijua hili bila Newton: mashua inayokwenda mbali hupotea sehemu ya chini kwanza, tanga likabaki likionekana peke yake, kwa sababu ziwa limejipinda. Ukipiga mstari mnyoofu kuanzia hapo ulipo, baada ya kilomita 7.9 uso wa dunia utakuwa umeshuka chini ya mstari huo kwa mita ngapi? Mita 4.9. Basi chukua jiwe letu la Kit Mikayi, tujifanye hakuna hewa ya kulizuia wala mlima wa kuligonga, na tulirushe kwa kasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde. Baada ya sekunde moja litakuwa limeanguka mita 4.9, na ardhi nayo itakuwa imejiinamisha chini yake mita 4.9. Sekunde ya pili, vivyo hivyo. Jiwe linaanguka na kuanguka, na ardhi inalikimbia kwa kiasi kilekile. Litaizunguka dunia na kurudi kwa nyuma ya kisogo chako baada ya dakika 84 hivi, kwa hiyo ni busara uiname.

Newton alilipima wazo hili kwa mwezi wenyewe, na hapa ndipo ninapompenda. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko sisi tulio juu ya uso wake. Kama mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, basi huko mwezini lazima uwe umepungua mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Gawanya mita 4.9 kwa 3,600, upate milimita 1.4 kasoro kidogo. Hicho ndicho kiasi ambacho mwezi ungepaswa kuanguka katika sekunde moja. Sasa nenda upande wa pili: mwezi huenda kilomita 1 hivi kwa sekunde, na huizunguka dunia kwa siku 27.3. Piga hesabu uone njia yake inajipinda kiasi gani kutoka kwenye mstari mnyoofu kila sekunde. Milimita 1.4 kasoro kidogo. Nguvu inayoangusha embe ndiyo hiyohiyo inayoupinda mwendo wa mwezi. Dunia nayo hulianguka jua kwa namna hiyo, karibu milimita 3 kila sekunde, huku ikikimbia kilomita 30 mbele.

Mwenzangu wa idara ya fizikia, niliyempelekea kisa cha Dunga, aliniambia kwamba kosa la pili la yule mtangazaji ni baya kuliko la kwanza. "Nje ya mvutano wa dunia" hakuna. Kule kituo cha anga cha kimataifa kinakopita, kilomita 400 hivi juu yetu, mvutano bado ni asilimia 90 hivi ya ule ulio hapa sokoni Kibuye. Wanaanga wanaonekana wakiogelea hewani kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa kasi moja. Kwa Kiswahili cha wanafizikia hali hiyo huitwa mwanguko huru.

Mwanguko huru! Niliposikia maneno hayo nilikumbuka kitu ambacho wasomaji wa rika langu huenda wanakikumbuka pia.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, mradi wa San Marco ulioanzishwa na Profesa Luigi Broglio. Roketi ilikuwa ya Wamarekani. Ilibeba setilaiti ndogo ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na kwa kuwa ilirushwa siku hiyo na katika nchi hiyo, msimamizi wa mradi upande wa Marekani, mhandisi Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo, upande wa huku ziwani. Ya Uhuru setilaiti sikuyasikia. Tulijua uhuru wa gwaride na soda. Miaka mingi baadaye ndipo nilipopata kusoma kwamba chombo hicho kilikuwa cha kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya elimu ya nyota kwa njia ya eksirei, kwamba kiliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kwamba kilisaidia kuonyesha kuwa mahali paitwapo Cygnus X-1 huenda pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Jina la Kiswahili limo katika kila historia ya sayansi hiyo, na wengi wetu wenye lugha hatuna habari.

Lakini jambo linalonigusa mimi mtu wa Kisumu ni njia iliyopita. Kwa nini Waitaliano walikuja mpaka Ngomeni? Kwa sababu ya ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye ikweta husafirishwa kwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa bila kutoa jasho. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo mfukoni. Ni kama abiria anayeruka kutoka kwenye matatu inayokwenda: haanzi na kasi ya sifuri, kama magoti yake yatakavyomshuhudia. Tena ukirusha kutoka karibu na ikweta, ni rahisi kukiweka chombo kikizunguka juu ya ikweta yenyewe. Njia ya Uhuru iliiegemea ikweta kwa nyuzi 3 tu.

Chukua ramani. Ikweta inapita Maseno, ambako watu husimama kupigwa picha mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini. Kisumu yenyewe iko kusini ya mstari huo kwa kilomita kama kumi na moja. Nam Lolwe yote, ziwa lote hili ambalo wengine huliita Victoria, limo ndani au kandokando ya ule ukanda wa nyuzi 3. Kwa hiyo Uhuru, ikikimbia zaidi ya kilomita 7.5 kwa sekunde kwenye kimo cha kilomita 500 na kitu, ilikuwa ikitukatiza mara 14 hivi kila siku. Ilitupita tukiwa darasani, tukiwa malishoni, tukila omena usiku. Haikuwa ikielea. Ilikuwa ikituangukia mchana na usiku, ikatukosa kila mara kwa sababu ya mbio zake.

Mwisho wake nao unafundisha. Hata kwenye kimo hicho kuna chembechembe za hewa, chache mno, lakini zikikusugua mwaka baada ya mwaka hukupunguzia mwendo. Setilaiti ya San Marco 2, iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile Aprili 1967, kazi yake ilikuwa hasa hiyo, kupima msuguano wa hewa hiyo nyembamba, na kwa kuwa ilipita chini zaidi haikumaliza mwaka. Uhuru ilidumu hadi Aprili 1979, ndipo ikaingia kwenye hewa nzito na kuungua. Mwezi wetu haukutani na hewa ya kuusugua, na ndiyo maana hauhitaji injini. Watu hudhani kitu kikizunguka lazima kuwe na kitu kinachokisukuma. La. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini kisimame.

(Niongeze kidogo, maana najua nitaulizwa. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, si kutoka Ngomeni. Ilikusudiwa kupita juu ya ncha za dunia ili ipige picha huku dunia ikijizungusha chini yake, na kwa njia ya namna hiyo ile zawadi ya ikweta haina faida. Kuhusu jukwaa la Ngomeni, roketi yake ya mwisho iliruka 1988, na tangu hapo ni kutu na mazungumzo ya serikali mbili.)

Tuyarudie maneno, kwa sababu safu hii ni ya lugha. Pwani walikuwa na "falaki" tangu zamani, kutoka Kiarabu, ambako neno lenyewe lilikuwa na maana ya mviringo wa mbinguni ambamo nyota hupita. Walikuwa na "sayari", kutoka kwenye shina lenye maana ya kwenda. Ukienda Muscat leo utasikia "sayyara" ikimaanisha gari, na wala si kosa: sayari na gari vyote ni viendavyo. Wazee waliotupa maneno haya hawakusema vyelea. Waliona mwendo, na mwendo ni nusu ya jibu la Newton.

Watu wa Pwani walikuwa pia na nusu ya pili mbele ya macho yao. Bahari hujaa na kupwa, na pale mwezi unapoandama au kuwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda na kushuka Mombasa kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Mvutano wa mwezi na jua waliusoma kila siku kwenye mawe ya ufuo. Sisi wa ziwani hatuna maneno hayo kwa sababu hatuna kitu chenyewe. Mwezi hulivuta ziwa letu pia, ila ziwa ni dogo mno kwa kazi hiyo, na upepo wa alasiri hulisukuma zaidi. Mwezi wetu ni wa taa. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza, wakawasha taa juu ya maji ili samaki wafuate mwanga, na mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazina kazi, basi watu hukaa nyumbani kutengeneza nyavu. Kwa Kijaluo "dwe" ni mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, sawasawa na Kiswahili. Ufuoni ni pia mshahara.

Neno la ile njia yenyewe ndilo bado linatusumbua. Wengine husema "obiti", wengine "njia ya mzunguko", wengine "mzingo", ingawa hilo walimu wa hesabu wamekwisha kulishika kwa urefu wa kuzunguka umbo. Mimi sina ugomvi na obiti. Imeshavaa nguo za Kiswahili, inajiendea. Ugomvi wangu ni na kitenzi. Nomino mbaya hukaa mahali pake kimya, lakini kitenzi kibaya huharibu hoja nzima, na nitaeleza kwa nini hili si suala la chaki tu.

Mwaka 2002, mwezi Machi, Wamarekani na Wajerumani walirusha setilaiti mbili pacha ziitwazo GRACE. Zilifuatana kwenye njia moja, ya mbele na ya nyuma, umbali wa kilomita 220 hivi kati yao, zikipita juu ya ncha za dunia. Hazikuwa na kamera ya kutazama ardhi. Kazi yao ilikuwa kupima umbali kati yao, kwa usahihi wa kama elfu moja ya milimita. Kisa na maana? Fikiria boda boda mbili zinafuatana barabarani na kufika kwenye mteremko wa Riat. Ya mbele hukaza mwendo kwanza, nafasi kati yao ikapanuka. Kisha ya nyuma huingia mteremkoni, nafasi ikapungua. Mtu aliyefumba macho akipimiwa nafasi hiyo tu angejua mteremko uko wapi na ni mkali kiasi gani. Setilaiti nazo zikikaribia mahali penye uzito mkubwa, ya mbele huvutwa kwanza, halafu ya nyuma.

Na maji ni uzito. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Likipanda mita moja tu, limeongeza tani bilioni 69. Uzito huo huzivuta setilaiti zinapopita, nazo husema. Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja, gati zikabaki zikining'inia juu ya matope na wavuvi wakawa wanatembea kwenye tope kufikia mitumbwi. Ulizuka ubishi mkubwa: ni ukame, au ni mabwawa ya Jinja kule Uganda yaliyokuwa yakifungulia maji kupita kiasi kilichokubaliwa? Wachunguzi waliolipima ziwa kutoka angani, kwa GRACE na kwa setilaiti za rada kama TOPEX/Poseidon iliyokuwa ikirudi mahali palepale kila siku kumi, walipata kusema kwa tarakimu kwamba yote mawili yalihusika. Hapakuwa tena na haja ya kumtegemea mwenye bwawa atuambie amefungulia kiasi gani.

Kisha likageuka. Mvua za mwisho wa 2019 hazikukata. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, nywele moja juu ya rekodi ya 1964, ile iliyofuata mvua ambazo wazee wa huku huziita mvua za Uhuru. Ogenya ilizama. Kusa ilizama. Budalang'i, kama kawaida yake ya huzuni, ilizama. Pale Dunga maji yaliingia kwenye mabanda, na banda la yule mzee wangu lilikuwa mojawapo.

Ndiyo maana nilirudi kwake Jumamosi iliyofuata, nikiwa na chungwa na kipande cha uzi. Nilimzungushia chungwa, nikamweleza jiwe la Kit Mikayi, nikamweleza vyombo viwili vinavyofuatana na jinsi ziwa linavyovivuta. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuingilia, kama wanavyosikiliza watu waliozoea kungoja wavu.

"Kwa hivyo maji yaliyonitoa kwa banda," akasema, "yalivuta hiyo mashine."

"Yaliivuta, jaduong'."

"Ikiwa inaanguka."

"Ikiwa inaanguka. Ingekuwa inaelea nje ya mvutano, isingehisi kitu."

Alifikiri kidogo. "Na wenye mashine waliona maji yanapanda?"

Waliona, nikamwambia. GRACE ya kwanza ilikuwa imekwisha kazi 2017, lakini pacha wapya walirushwa Mei 2018. Nilimweleza pia, kwa haki, kwamba hesabu za pacha hao huchukua wiki nyingi kutayarishwa, kwa hiyo si kengele ya mafuriko. Setilaiti za rada ni za haraka zaidi, na vipimo vyake viko wazi kwa yeyote mwenye intaneti na anayejua kuvisoma.

"Vimeandikwa kwa lugha gani?" akauliza.

Nikamwambia ni kwa Kiingereza, na kwa michoro.

Hakusema kitu. Jua lilikuwa limezama upande wa Usoma, na hakukuwa na mwezi. Vijana wake walikuwa wanapakia taa za omena kwenye mashua, wakizijaribu moja moja. Alisimama kuwasaidia kusukuma, na maji yalipofika kiunoni mashua ikaachia mchanga.

"Hii sasa," akanipigia kelele kutoka kule majini, akiipiga mashua ubavuni kwa kiganja, "ndiyo inaelea."